Hesabu ya Duka, Hamriya

Binti yangu Thuraiya kanambia:
"Baba, mnunuzi hanunui harufu ya lehemu.
Ananunua karatasi."
Basi nimekaa chini ya feni, mlango nusu umefungwa,
nje joto la mwezi wa saba limelala juu ya lami
kama paka asiyetaka kufukuzwa,
naandika.

Bisibisi arubaini na mbili. Moja haina mpini.
Koleo nne. Vipima umeme viwili:
cha manjano mkweli, chekundu husema uongo kidogo,
punguza volti tano utapata haki yako.
"Hilo usiandike," kasema Thuraiya.
Nimeliandika.

Ameomba orodha ya wateja.
Majina siyajui. Namjua Birika Linalovuja.
Namjua Blenda, mama mmoja wa Al Khoudh
aliyeiunguza mota kwa kusaga karafuu kavu,
nikamwambia, mama, hiki si kinu.
Namjua Pasi ya Buluu, askari mstaafu wa Nizwa,
ananyoosha kanzu zake mwenyewe tangu mkewe afariki,
na pasi yake ikiharibika haijaharibika:
anataka tu mahali pa kukaa, na kahawa.
Huyo nimtie safu gani?

Madeni.
Niliyaandika ubavuni mwa maboksi,
kwa Kiswahili nilichokuja nacho kutoka Wete,
ili asiyehusika asisome.
Maboksi nayo huzeeka. Mengine yalikwenda mwaka wa Gonu,
maji yalipofika rafu ya pili,
wadaiwa wakasamehewa na mafuriko
kabla sijawahi kuwasamehe mimi.

Rafu ya juu, vitu visivyochukuliwa.
Feni ya mezani, kijani. Aliyeileta alisema atarudi Alhamisi.
Hakusema Alhamisi ipi.
Kila ikikaribia Ramadhani naitia mafuta,
naizungusha kidogo, naipanga tena pale pale.
Mnunuzi kasema, tupa.
Nimeandika: feni, moja, ina mwenyewe.

Jana alikuja kukagua, Suhail, kijana wa Barka,
viatu vyeupe, mpole, kalelewa vizuri.
Akagonga kuta. Akahesabu soketi.
Kisha akamtazama Shafiqul, kainamia mashine ya kufulia,
akaniuliza kwa Kiswahili cha nyumbani kwao,
akidhani ni lugha yetu sisi wawili tu:
"Na huyu yumo kwenye bei?"

Shafiqul anakijua Kiswahili.
Nimemfundisha miaka kumi na minne,
matusi kwanza, kisha hesabu.
Hakuinua kichwa. Skrubu ilimponyoka,
ikabingirika, ikaenda kusimama
kwenye ncha ya kiatu cheupe.

Nikasema: rafu zina bei, kuta zina kodi.
Yeye muulize mwenyewe.
Suhail akaona haya, akaokota skrubu,
akampa, mkono wa kulia.
Usiku nikamfungulia Shafiqul ukurasa wake peke yake:
mshahara usishuke chini ya hapa,
viza ihamishwe akitaka yeye,
nauli ya Sylhet kila baada ya miaka miwili.
Nikapiga mstari, kalamu ikatoboa karatasi.

Leo limebaki bati la mlango.
Tangu siku ya kufungua hukwama upande wa kushoto,
sharti uliinue kwa mikono miwili na goti.
Fundi wa vyombo vya watu wote, changu nilikiacha;
mganga hajigangi.
Shafiqul akashika tochi. Reli imepinda, upana wa kidole.
Nyundo mara tatu, mafuta, kitambaa.
Kazi ya robo saa,
robo saa niliyoiahirisha miaka thelathini na moja.

Tukafunga. Tukafungua kujaribu.
Likapanda kwa kidole kimoja, halina sauti,
kama duka la mtu mwingine.
Na goti langu, ambalo hakuna aliyeliambia,
likanyanyuka lenyewe
likabaki hewani.